Venice: Bamvua, Madaraja na Bei ya Kuingia

Uwanja wa ndege wa Venice unaitwa Marco Polo, jina la mwana wa mji huo aliyezaliwa 1254 na kufariki 1324. Msomaji wa pwani yetu ana haki ya kutabasamu anapolisoma jina hilo ukutani. Katika kitabu cha safari zake, Polo aliieleza Zanzibar bila ya kuikanyaga: akaifanya kisiwa chenye mzingo wa maili 2,000, akaijaza tembo na majitu yenye nguvu za watu wanne kila mmoja. Habari hizo alizipata kwa mabaharia, na mabaharia tunawajua. Leo njia imegeuka. Sisi ndio tunaokwenda kwao, tukiwa na viza ya Schengen ya euro 90 na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, kuutazama mji ambao sifa zake nazo zimetiwa chumvi nyingi.

Mji uko kaskazini-mashariki mwa Italia, katikati ya ghuba ya maji haba iliyokingwa na visiwa virefu vyembamba vya mchanga vinavyoitenga na Bahari ya Adriatiki. Kwa hesabu inayotumika sana una visiwa 118, mifereji ipatayo 150 na madaraja zaidi ya 400. Hadi 1846 hapakuwa na njia ya kuufikia ila kwa chombo. Mwaka huo reli ilivushwa juu ya maji, na barabara ikafuata 1933. Gari zote hukomea Piazzale Roma, ukingoni mwa mji. Kuanzia hapo ni miguu au boti, na hata baiskeli ni marufuku.

Ukisikia kwamba mji hauna gari, unaanza kufikiria utulivu. Amka saa kumi na mbili asubuhi uone. Mashua ya takataka yenye winchi inapita, nyuma yake ya saruji na matofali, nyuma yake ya makreti ya vinywaji, kisha ile iliyojaa mashuka machafu ya hoteli. Zimamoto wana boti zao. Hospitali kuu, iliyo kando ya kanisa la Santi Giovanni e Paolo, ina ambulansi za majini zinazofunga gatini mlangoni pake. Maiti naye huvushwa kwa mashua hadi San Michele, kisiwa cha makaburi. Mzigo ukishushwa, unapakiwa kwenye mkokoteni wenye magurudumu madogo ya ziada upande wa mbele, ya kupandia ngazi za madaraja, na mchukuzi anapiga kelele watu wampishe. Mgeni aliyekuja na begi zito ataielewa hekima ya magurudumu hayo kabla hajafika daraja la tatu. Kwangu mimi, saa hizi mbili za asubuhi, kabla treni hazijamwaga wageni wa kutwa, ndizo Venice yenyewe.

Mji huu mzito wa mawe umesimama juu ya matope. Wajenzi walikita nguzo za miti, mwaloni na jamii za misonobari zikiwamo, zikiwa zimebanana, mpaka zikafikia udongo mgumu. Juu yake wakatandika mbao, na juu ya mbao jiwe jeupe la Istria lisilonyonya maji. Mti ukizama kabisa ndani ya tope hauozi, kwa sababu hewa ya oksijeni haiufikii. Unaooza ni ule unaolowa na kukauka. Kanisa la Santa Maria della Salute, lililojengwa kutimiza nadhiri iliyowekwa wakati wa tauni ya 1630, lina nguzo zaidi ya milioni moja chini yake kwa mujibu wa hesabu ya jadi. Hata ukipunguza nusu, bado ni msitu mzima uliogeuzwa kichwa chini.

Maji yenyewe yanahitaji maelezo, maana yeyote aliyekulia Unguja au Mombasa atayadharau. Bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita nne wakati wa bamvua; ya Venice haizidi sana mita moja. Lakini mji umejengwa kana kwamba bahari haitasogea. Bamvua ikikutana na upepo wa siroko kutoka kusini, upepo huo husukuma maji yote ya Adriatiki kuelekea pembe hii ya kaskazini, na uwanja wa San Marco, ambao ndio pahali pa chini mno, hugeuka dimbwi. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalifika sentimita 194 juu ya kipimo cha mji. Tarehe 12 Novemba 2019 yakafika 187. Binadamu naye aliongeza lake: katika karne ya 20 viwanda vya ng'ambo, huko Marghera, vilivuta maji ya ardhini kwa wingi hadi ardhi ikatitia.

Kinga iliyojengwa inaitwa MOSE. Ni milango 78 ya chuma, iliyo mitupu ndani, iliyolazwa chini ya bahari kwenye vilango vitatu vya ghuba: Lido, Malamocco na Chioggia. Siku za kawaida imejaa maji na haionekani. Utabiri ukisema maji yatafika sentimita 110, hewa hupulizwa ndani, maji hutoka, na milango huinuka kuifungia bahari nje. Ilifanya kazi kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 2020, baada ya miaka mingi ya kucheleweshwa na kashfa ya rushwa iliyolipuka 2014. Miradi mikubwa ina tabia zake, hata Ulaya. Inafanya kazi, hilo halina ubishi; ila kila inapofungwa meli husubiri, na bahari inaendelea kupanda.

Kutembea Venice ni kupotea. Mwenyeji wa Lamu au Mji Mkongwe hatapata shida: vichochoro vya kupishana kwa ubavu, kuta zilizoliwa na chumvi, kona inayokutoa ghafla kwenye uwanja wenye kisima. Tofauti ni kwamba kichochoro cha hapa huweza kukufikisha majini moja kwa moja, pasipo daraja wala ukuta. Anwani hazisaidii. Mji umegawanyika mitaa sita, na nyumba hupewa namba kwa mtaa mzima wala si kwa njia, kwa hiyo unakutana na namba zilizopita 5,000 na jirani yake asiyefuatana naye. Simu nayo huchanganyikiwa katikati ya kuta ndefu. Fuata vibao vya manjano vinavyoelekeza Rialto, San Marco au Ferrovia, yaani stesheni, kisha uviache makusudi ukishaujua mwelekeo.

Kwenye chombo, pesa hutoka haraka. Vaporetto ndiyo daladala ya majini. Namba 1 hupita Mfereji Mkuu wote, gati kwa gati. Tiketi ya mgeni ni euro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo anayekaa siku nzima ni heri achukue ya saa 24 kwa euro 25. Gondola ina bei iliyopangwa na manispaa: euro 90 kwa nusu saa mchana, 110 usiku. Ni nyingi, lakini chombo chenyewe kinastahili kutazamwa hata na asiyekipanda. Kina urefu wa mita 11 hivi, kimepakwa rangi nyeusi, na kimeundwa kikiwa upogo kwa makusudi: ubavu wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia kwa sentimita 24, kwa kuwa mpiga kasia husimama tezini na kulivuta kasia lake moja upande wa kulia. Kingenyooka, kingezunguka palepale. Asiye na euro 90 apande traghetto, gondola kubwa ya kuvushia watu Mfereji Mkuu, kwa euro 2. Safari ni ya dakika chache tu, lakini maji ni yaleyale.

Vivutio vikubwa kila mtu anavijua, nami sitavitaja vyote. Kanisa la San Marco linafaa kuingiwa kwa jicho la mtu anayekagua ghala la mali iliyochukuliwa. Mtakatifu mwenyewe alichukuliwa Afrika: kwa mujibu wa masimulizi yao, mwaka 828 wafanyabiashara wawili waliuiba mwili wa Marko huko Aleksandria na kuufunika kwa nyama ya nguruwe ili maofisa wa forodha Waislamu wasiukaribie. Kisa hicho hawakukificha. Wamekichora kwa mozaiki juu ya mlango. Farasi wanne wa shaba walio ndani waliporwa Konstantinopoli 1204. Napoleon, aliyeimaliza jamhuri ya Venice 1797, akawapora yeye na kuwapeleka Paris, nao wakarudishwa 1815. Wenyeji husimulia wizi wa Napoleon kwa uchungu mkubwa zaidi.

Mwafrika yumo mjini humu tangu zamani, ila waongozaji wengi hawamwonyeshi. Katika jumba la picha la Accademia, mchoro wa Vittore Carpaccio wa miaka ya 1490 unaonyesha Rialto ya wakati ule, daraja likiwa bado la mbao, na kati ya wapiga kasia yumo kijana mweusi aliyevaa kofia ya manyoya, kazini kama wenzake. Nenda kisha kanisa la Frari. Kaburi la mtawala Giovanni Pesaro, la 1669, limebebwa na majitu manne meusi ya marumaru, nguo zimechanika, magoti meusi yakichungulia kwenye matundu ya marumaru nyeupe, mito ikiwa mabegani ili mzigo usiwaumize. Mchongaji alikuwa fundi mkubwa. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya dhahabu yoyote ya San Marco.

Utajiri uliolipia vitu hivi ulitokana kwa sehemu kubwa na pilipili manga na viungo vya Mashariki, vilivyopita Bahari ya Shamu hadi Aleksandria, ambako Wavenice walinunua na kuwauzia wenzao wa Ulaya kwa bei waliyotaka. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi na kuvuka hadi Calicut. Safari hiyo iliyotuletea sisi mizinga ya Wareno iliwaletea Venice kiwewe: pilipili ingefika Lisbon bila kupitia mikononi mwao. Hawakuanguka mara moja, na biashara ilifufuka kiasi katikati ya karne ya 16, lakini enzi ya kuwa dukani peke yao ilikwisha. Miaka takriban hamsini kabla, mtawa Fra Mauro alikuwa amechora ramani ya dunia katika kisiwa cha San Michele. Imehifadhiwa katika Maktaba ya Marciana. Kusini iko juu, Afrika imekaa kileleni, na jina la Zanzibar limo, kwa tahajia ya enzi zile.

Kiungo cha karibu zaidi nasi kiko Murano, mwendo mfupi kwa vaporetto. Tanuru za vioo zilihamishiwa huko 1291 kwa kuogopa moto. Katika karne ya 19 ushanga wa Venice ulishushwa Zanzibar kwa wingi, ukapanda na misafara hadi Tabora na Ujiji, ukitumika kama fedha. Kila nchi ya bara ilikuwa na rangi yake: penye kutakiwa nyekundu ya samesame, mwenye nyeupe alilala njaa na mizigo yake. Fundi kioo wa Murano alilazimika, kwa hiyo, kufuata ladha ya watu wa bara ambao hangewaona kamwe. Jumba la makumbusho la vioo lina ushanga wa kale. Ukinunua wa leo, uliza alama ya Vetro Artistico Murano. Vitu vingi vya bei rahisi madukani havikutengenezwa humo.

Chakula nacho ni cha bahari. Sarde in saor ni dagaa wakubwa waliokaangwa kisha wakalazwa kwenye vitunguu na siki, pamoja na zabibu kavu. Vyakula vya pweza na ngisi ni vingi, na sima ya mahindi meupe huandamana navyo bila aibu. Asiyekula nguruwe wala kunywa mvinyo atashiba, mradi aulize. Kahawa inywewe kwa kusimama kwenye kaunta. Ukiketi, bei hupanda. Ukiketi San Marco penye muziki, wapiga muziki nao utawalipa. Maji ya mabomba ya mitaani ni safi, na ni bure.

Mwaka 1951 mji wa visiwani ulikuwa na wakazi kama 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Karibu na Rialto kuna duka la dawa lililoweka dirishani kibao cha kuonyesha idadi yao. Wengi wamehamia Mestre, bara, ambako pia wanaishi wahamiaji wengi kutoka Bangladesh na ambako hoteli za bei nafuu na nyama ya halali hupatikana, dakika kumi hivi kwa treni. Ili kupunguza wageni wa kutwa, mwaka 2024 manispaa ilianza kuwatoza euro 5 ya kuingia katika siku za msongamano, mji wa kwanza duniani kufanya hivyo. 2025 ikawa euro 10 kwa anayechelewa kulipia. Anayelala ndani ya manispaa haitozwi, ila ajiandikishe. Fedha zimeingia, umati haukupungua. Mtu aliyekwisha kulipia ndege harudishwi na bei ya sahani moja ya sima. Wanaohama wanahamishwa na kodi za nyumba, na wenye nyumba hupata zaidi wakizipangisha kwa usiku mmoja mmoja, kwa wageni kama sisi.