Nani alimuua Kapteni Alex? Mjadala usiokwisha mpakani

Malori yanaposimama foleni Malaba au Busia, kitu cha kwanza kuisha ni habari. Bei ya mahindi imeshatajwa. Thamani ya shilingi ya Kenya kwa ya Uganda imeshabishaniwa. Wakala wa forodha ameshapigiwa simu mara tatu na jibu lake halijabadilika: subirini. Giza linaingia, karatasi hazijatoka, na hakuna mwenye mzigo anayethubutu kwenda kulala mbali nao.

Hapo ndipo mmoja huanzisha swali lisilohusiana kabisa na forodha. Lile gari la njano katika Komando, liliharibika au halikuharibika?

Kwa asiyeikumbuka, Komando ni filamu ya 1985 ambayo Arnold Schwarzenegger anaigiza kama John Matrix, askari mstaafu aliyetekwa binti yake. Katikati ya hadithi Matrix anamfukuza adui mmoja aliye ndani ya Porsche ya njano. Gari linagonga, linalala ubavu na bodi inabonyea. Matrix anammaliza adui, analisimamisha gari kwa mikono yake na kuondoka nalo. Tazama tena kwa makini: bodi ni nzima, kama gari limetoka dukani asubuhi hiyo.

Swali hilo likishatupwa, wasiojuana wanasogeza vigoda. Dereva anasema ni kosa la watengenezaji. Mama wa vitenge anasema si kosa, ni dharau kwa mtazamaji. Kijana wa kubadilisha fedha anasema yote hayo hayana maana, kwa kuwa steringi hafi na gari lake pia halifi. Ndani ya nusu saa, aliyekuwa "yule Mganda mwenye lori la ndizi" ameanza kuitwa kwa jina lake.

Kwa watu wanaokopeshana mzigo kwa maneno ya mdomo, kujuana huko si jambo dogo. Huwezi kumjua mtu kwa bei anayokutajia, maana bei kila mtu huisema kwa hesabu. Ila ukimsikia anavyomtetea adui wa kwenye picha, au anavyocheka mnyonge akipigwa, umepata kipimo fulani cha moyo wake.

MUVI MOJA, SAUTI NNE

Wafanyabiashara wengi walio katika umri wa miaka thelathini na kuendelea hawakuzijua filamu hizi kwenye kumbi kubwa za sinema. Walizijua kibandani. Tanzania huita vibanda hivyo vibanda umiza, na aliyewahi kukaa saa tatu kwenye benchi lisilo na mgongo, amebanwa kushoto na kulia, hahitaji kuelezwa jina hilo lilitoka wapi. Waganda huviita bibanda. Vifaa vyake vilikuwa vichache: televisheni, deki, spika, jenereta nje umeme ukikatika, na mlangoni ubao wa chaki wenye majina ya picha za siku hiyo. Ya Wachina, ya Wahindi, ya vita.

Picha hizo zilizungumza Kiingereza, Kihindi au Kichina cha Hong Kong, na waliolipa kiingilio wengi hawakujua lugha hizo. Akazaliwa mkalimani wa filamu. Uganda anaitwa VJ, na majina kama VJ Jingo yanajulikana nje ya Kampala. Kenya na Tanzania anaitwa DJ. Tanzania ina kumbukumbu ya Lufufu, mmoja wa waliotangulia katika kazi hiyo. Kenya ina DJ Afro, ambaye Kiswahili chake cha mtaani kimewachekesha hata wasioifahamu Nairobi. Rwanda filamu iliyotafsiriwa hivyo huitwa agasobanuye, na sauti ya Yanga bado inatajwa kwa heshima.

Mkalimani mzuri hakutafsiri neno kwa neno. Alimpa adui jina la mtaa wa jirani. Alimlaumu steringi kwa kuchelewa kurusha teke. Alijibu maswali ambayo watazamaji walikuwa wanajiuliza kimya kimya, na pale mama alipomzika mwanawe, alinyamaza.

Matokeo yake ni kwamba watu wa nchi nne wametazama picha moja wakasikia hadithi nne. Jambazi wa Los Angeles anaweza kuwa mwizi wa bodaboda katika kanda ya Kampala, na katika kanda ya Nairobi akawa kanjo anayewafukuza wachuuzi. Kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo sahihi, na kila mmoja ana ushahidi wa masikio yake.

Ndiyo maana kuitazama tena pamoja kuna ladha tofauti na kuitazama mara ya kwanza. Mwisho unajulikana, hakuna wa kumharibia mwenzake. Macho yaliyokuwa yanamfuata steringi sasa yana nafasi ya kumtazama mlinzi aliyesimama nyuma, saa ya mkononi iliyobadilika mkono, gari lililojitengeneza lenyewe. Masikio nayo yanapata kazi mpya: kulinganisha jirani aliambiwa nini.

SARAFU YA JAI

Ikiwa ipo picha ambayo mtu wa biashara angepaswa kuitazama mara ya pili, ni Sholay ya India. Ilianza kuonyeshwa tarehe 15 Agosti 1975, ikiwa imeongozwa na Ramesh Sippy. Wakorofi wawili, Jai na Veeru, wanakodiwa na Thakur, afisa wa zamani wa polisi, wamkamate jambazi Gabbar Singh. Amitabh Bachchan ni Jai, Dharmendra ni Veeru. Amjad Khan, aliyecheza Gabbar, alikuwa bado hajawa na jina kubwa. Baada ya hapo sauti yake iliigwa na watoto hata mahali ambapo hakuna aliyejua Kihindi.

Jai ana tabia moja. Kila penye uamuzi mgumu hurusha sarafu hewani. Ikiangukia upande huu tunapigana, upande ule tunakimbia. Mara ya kwanza mtazamaji huona mchezo wa bahati tu. Karibu na mwisho Jai anabaki peke yake darajani kuwazuia majambazi ili wenzake waokoke, na sarafu ndiyo iliyoamua hivyo. Anakufa. Veeru anapoichukua sarafu na kuigeuza, anakuta pande zote mbili zinafanana.

Mtu aliyeona hayo hawezi kuitazama Sholay tena kama zamani. Kila sarafu inaporushwa, anajua Jai ameshaamua, na safari ile ya mwisho amejichagulia yeye mwenyewe hatari. Hapo mabishano huwaka, hasa wakiwepo wanaoishi kwa kuhesabu fedha. Wapo wanaosema Jai alikuwa tapeli: makubaliano ni makubaliano, na aliyemdanganya rafiki leo atamdanganya mteja kesho. Wapo wanaosema mizani ya udanganyifu ni nani amepata hasara, na Jai alijipunja mwenyewe. Hoja zote mbili zina watu wake, na mara nyingi mgawanyiko haufuati uraia wala kabila. Unafuata nani amewahi kutapeliwa.

Kuna ubishi mwingine wa Sholay ambao ulionekana kama ndoto za wazee. Wengi walimwona Thakur akizuiwa na polisi dakika ya mwisho, na Gabbar akakamatwa akiwa hai. Wachache walishikilia kwamba wao walimwona Thakur akimuua. Kumbe hakuna aliyeota. Waongozaji walipiga mwisho wa Gabbar kuuawa, lakini bodi ya ukaguzi ya India, katika kipindi cha hali ya hatari, haikuruhusu mtu aliyekuwa polisi aonekane akijichukulia sheria mkononi. Ukapigwa mwisho mwingine. Ule wa kwanza ulizunguka baadaye katika baadhi ya kanda.

Mwaka 2025, filamu ilipotimiza miaka 50, Sholay yenye mwisho wake wa awali ilionyeshwa Bologna, Italia, ikiwa imesafishwa upya. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu nakala za zamani zilikuwa bado zimehifadhiwa, nyingine zikiwa ghalani nchini Uingereza. Mwenye ghala anajua maana yake: mzigo ulioonekana hauna mnunuzi, miaka hamsini baadaye umekuwa dhahabu.

SWALI LISILO NA JIBU

Si kila filamu imepata ghala. Ya jirani kabisa ni mfano.

Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitoa Nani Alimuua Kapteni Alex? Nabwana aliwahi kufyatua matofali, na utengenezaji wa filamu alijifundisha mwenyewe. Utotoni hakuwa mtu wa kwenda kutazama sinema. Kaka zake ndio waliokwenda, wakarudi na kumsimulia kila teke na kila risasi. Kwa hiyo kabla hajaziona picha za mapigano kwa macho, alizisikia.

Filamu yake ni ya vita, helikopta za kompyuta, bunduki zilizochongwa kwa vyuma chakavu na damu ya kuigiza. Kapteni Alex anatumwa kulivunja genge la wahalifu, naye anauawa. Ndugu yake, Bruce U, bingwa wa kung fu, anakuja kulipiza kisasi. Kampala inawaka moto, maadui wanaanguka kwa makumi, na filamu inakwisha bila kusema nani alimuua Kapteni Alex.

Mtazamaji wa mara ya kwanza hukasirika. Wa mara ya tatu ameanza upelelezi wake. Swali hilo limewafikisha watu wa Wakaliga mbali: mashabiki wa Ulaya na Marekani waliiona kwenye intaneti, na mwaka 2019 filamu yao nyingine, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la kimataifa la Toronto, Kanada.

Nyumbani biashara ilikuwa ngumu zaidi. Waigizaji walizunguka mlango kwa mlango wakiuza CD wenyewe, wakikimbizana na wanakilishaji ambao wangeijaza sokoni baada ya siku chache. Mchuuzi yeyote aliyekuta bidhaa yake bandia mezani kwa jirani anaelewa mbio hizo.

Kisha kuna hili. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kutunza kila kitu. Ili kazi nyingine ifanyike, filamu iliyokwisha ilifutwa. Leo nakala safi ya Kapteni Alex, isiyo na mkalimani, haipo. Iliyosalia ni yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akitania na kushangilia tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kawaida watu husema mkalimani amepanda juu ya kazi ya mtu. Hapa bila nakala ya mkalimani, filamu yenyewe isingekuwepo.

KANDA ZILIZO CHINI YA KITANDA

Hali hiyo inayagusa maelfu ya kanda nyingine, ila kwa kinyume. Komando na Sholay hazitapotea. Kinachopotea ni Komando aliyezungumza Kiswahili, Kiganda au Kinyarwanda. Mkanda wa video hupata ukungu ukikaa penye unyevunyevu, na deki ya kuuchezesha inazidi kuwa adimu. CD hukwaruzika. Faili kwenye flashi hufutwa kuipisha muvi mpya ya wiki. Vibanda vingi vimegeuka vya kuonyesha mpira, na kijana hutazama peke yake kwenye simu, vipokea sauti masikioni, hana wa kumbishia.

Waliozisambaza kanda hizo tangu mwanzo ni wafanyabiashara wa mpakani. Ziliingia zikiwa zimechomekwa katikati ya mitumba na betri, kutoka Kampala kwenda Kisumu, kutoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura. Wengine bado wanazo: katoni chini ya kitanda, sanduku nyuma ya duka, masalia ya biashara iliyokufa.

Kabla ya kuzitupa, kazi ya kufanya ni ndogo. Andika kwa kalamu jina la filamu, jina la mkalimani, mji ilikotoka na mwaka kama unakumbukwa. Mafundi wa kuhamisha kanda kwenda kwenye flashi bado wanapatikana mijini, na nakala mbili zilizo sehemu mbili ni salama kuliko moja. Tahadhari ni kwamba kutunza ni jambo moja na kuuza ni jingine. Kunakili filamu ya mtu na kuiuza bila ruhusa yake kunakatazwa na sheria za hakimiliki, na mzigo wa namna hiyo ukikamatwa haumalizwi kwa kuomba radhi.

Baada ya hapo zitazamwe, na zitazamwe na watu. Aliyekuwa na ya Kampala alete yake, wa Nairobi alete yake, zichezeshwe moja baada ya nyingine kwenye simu iliyoegemezwa chupa ya maji. Wenye kusikia lugha wawatafsirie wasiosikia, kama kibandani.

Alfajiri wakala anapiga simu. Karatasi zimetoka. Injini zinawashwa, vigoda vinarudishwa kwa mama wa chai, namba za simu zinabadilishwa. Dereva wa ndizi ameshaingia barabarani anapochungulia dirishani na kupiga kelele kwamba ni Bruce U. Ndugu yake mwenyewe ndiye aliyemuua.

Mama wa vitenge anamjibu kwamba hajui kitu, wiki ijayo watamaliza.