Mzaha wa jikoni na afya ya mume na mke

Katika mashamba ya chai ya Roret, eneo la Bureti, Kaunti ya Kericho, mazungumzo ya mume na mke huanza alfajiri na mara nyingi huanza na kazi. Nani atakamua ng'ombe? Lori la majanichai litafika kituoni saa ngapi? Karo ya mtoto imebaki kiasi gani? Jioni, migongo ikiuma na mikono ikiwa imekwaruzwa na matawi ya chai, maswali ni yaleyale. Siku inaweza kupita, na wiki pia, bila mmoja wao kumchekesha mwenzake. Hawajagombana wala kununiana. Wamesahau tu.

Msomaji uliye Nairobi, Nakuru au Eldoret, usidhani hayo ni ya mashambani peke yake. Weka foleni ya magari mahali pa kapu la chai na kodi ya nyumba mahali pa karo, na utaiona nyumba yako.

Je, mambo haya yanastahili kurasa za afya? Naona yanastahili, tena sana. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanandoa 42. Kila mmoja alitiwa malengelenge madogo mkononi, kisha madaktari wakafuatilia jinsi yalivyopona. Safari ya kwanza mume na mke walizungumza kwa kusaidiana. Safari ya pili waliambiwa wazungumzie jambo linalowakosanisha. Baada ya mazungumzo hayo ya pili, vidonda vilichelewa kupona. Na wale waliozoea kurushiana maneno makali walipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya ile ya wenzao wapole. Hebu ufikirie mkono wa mchunaji chai, ambao hauishiwi na mikwaruzo.

Sababu yenyewe si uchawi. Mtu akiwa katika ugomvi mwili wake hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, presha hupanda na kinga ya mwili hulegea. Hali hiyo ikiwa ya dakika chache haina neno. Ikiwa ndiyo hali ya nyumba mwaka baada ya mwaka, hapo mwili hulipa.

Kicheko kina kazi yake pia. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, pamoja na wenzake, waliwaonyesha watu filamu za kuchekesha na nyingine zisizochekesha, kisha wakawapima uvumilivu wa maumivu, mathalani kwa kuwavalisha kitu cha barafu mkononi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa waliocheka walistahimili maumivu zaidi. Wataalamu hao wanadhani ni kwa sababu kucheka kwa nguvu huufanya ubongo utoe endofini, kemikali zinazopunguza maumivu. Nao mtu hucheka zaidi akiwa na mwenzake kuliko akiwa peke yake.

Nyumba nyingi za Roret hazikosi cha kuchekea. Mume anajivuna kwamba leo kapu lake ni zito, mke anamwambia uzito huo ni wa maji ya mvua. Mke anamimina mursik, yale maziwa yaliyolala katika kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, na mume anauliza kama ni yeye aliyeyachachusha au ni hasira yake ya juzi. Hata majina ya watoto ni akiba ya vicheko. Kwa Wakipsigis, Cherop ni msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na Kipkoech ni mvulana aliyezaliwa alfajiri. Kila jina la namna hiyo lina hadithi ya siku ile: nani alikimbia kutafuta gari, nani alivaa buti za watu wawili. Mara nyingi baba ndiye anayechekwa, na hadithi haichakai hata ikisimuliwa mara mia.

Kuzirudia hadithi za namna hiyo si kupoteza wakati. Mwaka 2015 Laura Kurtz na Sara Algoe wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walichapisha utafiti wa wanandoa na wachumba 71 waliorekodiwa wakisimulia walivyokutana mara ya kwanza. Waliocheka pamoja kwa muda mrefu zaidi ndio waliosema wako karibu zaidi na wanategemeana. Huenda kicheko ndicho kilicholeta ukaribu, au ukaribu ndio ulioleta kicheko, utafiti huo hauwezi kuamua. Lakini angalia neno "pamoja". Mmoja kucheka huku mwingine ameinamisha kichwa ni jambo jingine kabisa.

Hapo ndipo wengi hukosea. Utani una mipaka, na wazee wa Afrika Mashariki waliijua. Nyanya anaweza kumwita mjukuu wake "mume wangu" na kila mtu akacheka, lakini mbele ya wakwe ulimi hufungwa. Kwa mume na mke mpaka ni mwembamba zaidi. Kumcheka mkeo kwa unene aliopata baada ya kuzaa, au kumcheka mumeo mbele ya wageni kwa sababu kazi imekwisha, si mzaha. Ni tusi lililovalishwa nguo ya mzaha, na kusema "nilikuwa natania tu" hakulifuti. Wanaokumbuka Vitimbi katika televisheni ya KBC watanielewa. Mzee Ojwang', aliyeigizwa na marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, walikuwa mume na mke wa mchezo tu. Walibishana sana, lakini kila mmoja alikuwa na jibu lake. Hakukuwa na bubu katika nyumba ile.

Ikiwa nyumbani kuna kipigo au vitisho, usishauriwe kucheka. Kuna namba ya simu ya bure, 1195, inayopokewa usiku na mchana nchini Kenya kwa watu wanaodhulumiwa kijinsia. Vilevile kicheko si tembe ya presha. Aliyepimwa zaidi ya mara moja akapatikana na 140/90 au zaidi anahitaji daktari, na aliyeandikiwa dawa azimeze kila siku hata kama mkewe ni mcheshi kuliko wote Bureti.

Kwa nyumba zenye amani lakini zilizokauka, hakuna haja ya mambo makubwa. Simu ziwekwe kando wakati wa chakula cha jioni. Swali la kwanza baada ya kazi lisiwe la pesa. Anayekumbuka kituko cha mchana akiseme kabla hakijasahaulika, hata kama ni jogoo wa jirani tu. Watoto wakiwepo ni heri, kwa sababu nao hujifunza kwamba wazazi wao ni marafiki.

Mtihani mkubwa ni wakati wa bonasi kuu ya chai, ambayo kwa kawaida huja kuelekea Oktoba. Pesa zilizongojewa mwaka mzima huingia mara moja, nazo huja na madeni, karo na mabati ya paa yaliyoahidiwa tangu mwaka jana. Kuna nyumba ambazo ugomvi huanza usiku uleule. Daftari la hesabu linaweza kusubiri nusu saa. Chai iwekwe mezani kwanza, mtu asimulie bonasi ya mwaka ule walipooana ilivyokuwa ndogo na walivyoitumia vibaya, na hesabu ianze baada ya kikombe cha pili.