Kobalti inatoka Kolwezi, gari la mbio la wanafunzi linajengwa mbali

Malori yenye shaba na kobalti yanatoka Kolwezi, yanapita Likasi na Lubumbashi, yanavuka mpaka wa Kasumbalesa na kushika njia ya bandari za Durban na Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya kobalti hiyo inaishia China, ambako inasafishwa na kutiwa ndani ya betri. Baadaye betri za namna hiyo zinafika mikononi mwa vijana wa vyuo vikuu vya Ulaya, Asia na Marekani, wanaokesha wakijenga upya gari la umeme kabla ya siku ya mashindano.

Mashindano hayo yanaitwa Formula SAE huko Marekani, yalikoanzia mwaka 1981, na Formula Student huko Ulaya. Nchini Ujerumani, magari ya umeme yalipewa shindano lao mwaka 2010. Sharti kubwa ni moja: gari lichorwe na liundwe na wanafunzi wenyewe. Kwa kawaida timu inatakiwa kuja na fremu mpya kila mwaka, lakini pesa haitoshi kununua kila kitu upya. Ndiyo maana mota, betri na vifaa vya umeme vya gari la zamani vinafunguliwa, vinapimwa, na vile vilivyo vizima vinafungwa katika gari jipya.

Kazi inaanzia kwenye betri, kwa sababu ndiyo yenye hatari kuliko vyote. Betri ya gari hilo ni seli nyingi zilizounganishwa, na kanuni zinaruhusu umeme wa hadi volti 600, ambao unaweza kumuua mtu mara moja. Kila seli inapimwa peke yake. Seli moja iliyochoka inashusha nguvu za wenzake na inaweza kupata joto kupita kiasi. Gari linatakiwa kuwa na kifaa cha kielektroniki kinachofuata volti na joto la seli muda wote. Joto likifika nyuzi 60, umeme unakatwa. Kifaa kingine kinaangalia kama umeme unavuja kwenda kwenye mwili wa gari.

Halafu kuna ukaguzi, ambao timu nyingi zinauogopa kuliko mbio zenyewe. Gari linainamishwa upande hadi nyuzi 60 ili kuona kama kuna majimaji yanayomwagika. Linamwagiwa maji kama mvua kwa sekunde 120 huku umeme wake mkubwa ukiwa umewashwa, kisha linangojewa sekunde nyingine 120. Likikaa bila kuvujisha umeme, linapita. Baadaye dereva anafunga breki ghafla, na magurudumu yote manne lazima yasimame pamoja. Timu inayokwama hapo inabaki kutazama wenzake wakikimbia.

Mbio ndefu ni kilomita 22 hivi, na nguvu ya gari haitakiwi kupita kilowati 80. Lakini mwendo si kila kitu. Katika pointi 1,000, pointi 325 zinatolewa gari likiwa limesimama: wanafunzi wanaeleza kwa nini walichora hivyo, kila kipande kiligharimu kiasi gani, na gari hilo lingeuzwa namna gani.

Nje ya mashindano hayo, wanafunzi wa Zürich nchini Uswisi walionyesha mahali kazi hii inaweza kufika. Septemba 2023 gari lao liitwalo mythen lilitoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika sekunde 0.956, ndani ya mita 12.3 tu. Lilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi. Hawakufika hapo kwa siku moja: timu hiyohiyo ilikuwa na sekunde 1.785 mwaka 2014, na 1.513 mwaka 2016. Mwaka 2022 wanafunzi wa Stuttgart waliwanyang'anya rekodi, nao wakarudi kwenye atelie.

Karibu na Kongo, mfano uko Kampala. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walishiriki katika mradi wa vyuo vya nchi nyingi ulioanzishwa na wanafunzi wa MIT ya Marekani, uliozaa gari la Vision 200 lililoonyeshwa Italia mwaka 2008. Waliporudi nyumbani walijiuliza kwa nini wasiunde la kwao. Mwaka 2011 Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, lilitembea Kampala. Mwaka 2014 likafuata gari la watu watano, na mwaka 2016 basi la Kayoola. Leo kazi hiyo imekuwa kampuni ya serikali ya Uganda, yenye kiwanda Jinja.

Na Kolwezi je? Umeme si mgeni hapa. Mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba yanazalisha umeme tangu miaka ya 1950. Reli ya kati ya Likasi na Tenke ilianza kutumia treni za umeme mwaka 1952. Tangu mwaka 1982, laini ya umeme ya kilomita 1,700 hivi kutoka Inga inafika hapa Kolwezi. Mji una mafundi wa mota, wachomeleaji na mekanisia waliofundwa na migodi. Una pia chuo kikuu chake, UNIKOL. Huko Lubumbashi, kituo cha utafiti wa betri kilifunguliwa UNILU mwaka 2022, mwaka uleule Kongo na Zambia zilipotia sahihi mapatano ya kutengeneza pamoja malighafi ya betri.

Hesabu pia zipo. Mwaka 2021 utafiti wa BloombergNEF ulionyesha kwamba kiwanda cha kutengeneza tani 10,000 za malighafi hiyo kwa mwaka kingegharimu dola milioni 39 nchini Kongo, karibu theluthi moja ya gharama yake Marekani. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Oktoba 2025 serikali iliweka kikomo cha mauzo ya nje: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hichohicho kwa mwaka 2027.

Lakini kiwanda kinahitaji watu wanaojua kupima seli, kuifunga na kuizuia isiwake moto. Ujuzi huo haupatikani kwenye ubao wa darasani peke yake. Unapatikana kwa kufungua, kukosea na kufunga tena. Hata pikipiki moja ya petroli iliyobadilishwa kuwa ya umeme ingetosha kuanza. Mahitaji yenyewe yako mtaani: delestaji inapokata umeme, familia nyingi zinawasha taa kwa betri ndogo za sola, na betri hizo zikichoka, anayejua kuzifungua na kuzitengeneza ana kazi inayomngoja.