Faiba ina kasi, waifai inakokota: pa kuanzia kutafuta tatizo

Malalamiko kuhusu intaneti ya nyumbani yanafanana, yawe yanatoka mjini Kisii, Suneka, Ogembo, au Keroka ambako mpaka na wenzetu wa Nyamira unapita sokoni. Familia imelipia faiba ya megabiti 80 au 100 kwa sekunde. Imeongeza na vifaa vya meshi, vile viboksi viwili au vitatu vinavyopokezana waifai ili ifike kila chumba. Hata hivyo, mwanafunzi aliye chumba cha nyuma anajaza fomu ya HELB na ukurasa unazunguka tu, na mama anayetaka kulipa ada kupitia eCitizen analazimika kutoka nje na kutumia bando la simu.

Wengi hukimbilia kupandisha kifurushi, na hapo ndipo pesa hupotea kila mwezi. Ikiwa kizuizi kiko ndani ya nyumba, kifurushi kikubwa zaidi hakibadilishi kitu. Ni kama kuweka lami hadi langoni ilhali njia ya kuingia bomani bado ni tope.

Tabia ya kulaumu waya wa nje ina sababu zake. Kabla ya mwaka 2009, wakati nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nje ya nchi, na kweli tatizo lilikuwa huko mbali. Siku hizi faiba inapita juu ya nguzo za stima hadi mlangoni. Mara nyingi kasi hupotea katika zile mita kumi na tano za mwisho, kati ya boksi la ukutani na simu iliyo mkononi.

Kupima kabla ya kulipa

Vipimo vitatu vinatosha kuonyesha tatizo liko wapi, na havina gharama. Cha kwanza kifanyike kwa waya. Kompyuta iunganishwe kwa kebo moja kwa moja kwenye boksi la mtoa huduma, vifaa vingine vyote vizimwe, kisha programu ya kupima kasi iendeshwe mara tatu. Cha pili kifanyike kwa simu, mita moja au mbili kutoka kituo kikuu cha meshi. Cha tatu ni kwa simu hiyo hiyo, kando ya kituo kidogo kilicho chumba cha mbali. Namba zote ziandikwe kwenye karatasi pamoja na saa, kwa maana kasi ya saa nne asubuhi si ya saa mbili usiku mtaa mzima unapotazama video.

Kipimo cha waya kikiwa chini sana ya kifurushi, na kikabaki hivyo kwa siku kadhaa, tatizo ni la mtoa huduma au la kebo. Kikiwa sawa lakini cha pili kikawa kibovu, tatizo ni kituo kikuu au simu yenyewe. Vyote viwili vikiwa vizuri na cha tatu kikaporomoka, kasoro iko kati ya vituo vya meshi. Kwenye nyumba za matofali hali hii ya tatu ndiyo ya kawaida.

Asiye na kompyuta anaweza kuanza na kipimo cha pili akiwa karibu kabisa na boksi, ila akumbuke kwamba simu nayo ina kikomo chake. Simu ya bei nafuu inayotumia bendi ya gigahezi 2.4 peke yake haiwezi kuonyesha megabiti 100 za kweli katika mtaa wenye watu wengi, hata ikiwekwa juu ya ruta.

Kuna pia mkanganyiko wa vipimo, ambao huzua ugomvi wa bure na mafundi. Kasi ya kifurushi huhesabiwa kwa megabiti, lakini faili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kwa hiyo kifurushi cha megabiti 40 kikipakua megabaiti 5 kila sekunde kiko sawasawa. Faili la megabaiti 500 litachukua takriban dakika moja na sekunde arobaini, na hakuna aliyeibiwa.

Ukuta, mabati na migomba

Waifai ni mawimbi ya redio. Bendi ya gigahezi 5 hubeba kasi kubwa lakini huchoka haraka inapokutana na ukuta. Ile ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi ila kwa kasi ndogo. Ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma hupunguza nguvu, na kuta mbili au tatu zikifuatana hubakisha kidogo sana. Sakafu ya zege kati ya orofa ni mbaya zaidi kwa sababu ya vyuma vilivyomo.

Chuma ndicho adui mkubwa, na nyumba zetu zimejaa chuma. Mlango wa chuma wa usalama, ukuta wa mabati, friji na hata kioo kikubwa cha kabati hurudisha mawimbi yalikotoka. Nyumba nyingine za udongo zimepigwa plasta ya saruji juu ya waya wa kuku. Kwa macho ukuta huo unaonekana mwepesi, kumbe ndani yake kuna wavu wa chuma unaozunguka chumba kizima. Mwenye nyumba ya aina hiyo anaweza kuhangaika na mipangilio ya ruta mwezi mzima bila kufika popote. Dawa yake ni kupitisha kebo hadi ndani ya chumba.

Kosa linaloonekana sana ni mahali pa kuweka kituo kidogo. Mtu hukiweka pale ambapo waifai haifiki, akiamini kitaileta. Lakini kituo hicho nacho kinahitaji kupokea kabla ya kugawa. Kikiwekwa gizani hugawa giza. Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo simu bado inapata kasi nzuri kutoka kituo kikuu, na kiwe juu ya meza au rafu, si nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati la vyombo.

Bomani mambo huwa magumu zaidi. Laini moja iko nyumba ya wazazi, na kijana aliye kwenye esaiga mita thelathini hivi kutoka hapo anataka kufanya kazi ya mtandaoni. Kati yao kuna kuta mbili za nje, migomba na mparachichi. Mimea yenye maji mengi hunyonya mawimbi, hasa ya gigahezi 5, na majani yakilowa baada ya mvua ya alasiri hali huzidi. Kituo kikiwekwa kwenye dirisha linalotazama nyumba ya pili, na kingine kwenye dirisha linalokikabili, mara nyingi hufaa kuliko kununua kituo cha nne.

Kwa nini vituo vingi si kasi zaidi

Meshi nyingi za bei ya chini hutumia bendi moja kupokea kutoka kituo kikuu na pia kugawia simu. Kituo hakiwezi kusikiliza na kusema kwa pamoja kwenye masafa yale yale, hivyo muda hugawanywa na kasi hushuka hadi karibu nusu. Kituo cha pili kikipokea kutoka cha kwanza, na cha tatu kikapokea kutoka cha pili, nusu hukatwa tena. Ndiyo maana nyumba ya vyumba vitatu yenye vituo vinne inaweza kuwa na waifai dhaifu kuliko jirani mwenye viwili. Kabla ya kununua kingine, inafaa kuzima kimoja na kupima upya.

Meshi yenye bendi ya tatu iliyotengwa kwa mazungumzo ya vituo vyenyewe hupunguza hasara hiyo, lakini bei yake iko juu. Kebo ni rahisi zaidi na haichoki. Kituo kidogo kikiunganishwa kwa kebo na kituo kikuu, karibu kasi yote ya faiba hufika chumba cha mbali.

Kebo nazo zina mtego wao. Ili zipitishe zaidi ya megabiti 100, nyuzi zote nane ndani yake lazima ziwe nzima na zimebanwa vizuri kwenye plagi. Uzi mmoja ukikatika, au kebo ikiwa ya zile zenye nyuzi nne, vifaa hushuka vyenyewe hadi megabiti 100 bila kutoa taarifa yoyote. Vivyo hivyo kwa kituo chenye tundu la zamani la megabiti 100. Kwa hiyo familia yenye kifurushi kikubwa ikiona kipimo kinaganda kwenye 93 au 94 kila mara, bila kupanda wala kushuka, isipigie kampuni kwanza. Ibadilishe kebo.

Kasoro nyingine haionekani kwa macho. Boksi la mtoa huduma lina waifai yake, na meshi iliyoongezwa ina yake. Zote mbili zinarusha mawimbi sebuleni na kukanyagana. Simu za nyumbani huendelea kushika jina la zamani kwa sababu nenosiri lake limehifadhiwa. Fundi aombwe kuzima waifai ya boksi na kuiachia meshi kazi hiyo. Simu zenyewe pia ni kaidi: mtu akitoka sebuleni kwenda chumba cha kulala, simu inaweza kung'ang'ania kituo cha sebuleni ilhali kingine kiko mita mbili tu. Kuzima waifai ya simu na kuiwasha tena huilazimisha kuchagua upya.

Majirani

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, na msongamano huo unaonekana hata hewani. Katika majengo ya kupangisha ya Mwembe, Jogoo au Nyanchwa, simu ikitafuta waifai huorodhesha majina ishirini bila shida. Bendi ya gigahezi 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na ruta zote za jengo zinazigombania. Hapo nguvu ya mawimbi huonekana kamili, mistari yote imejaa, lakini kasi haipo. Anayeishi kwenye jengo la namna hiyo ahamishe televisheni na simu zinazokubali kwenye bendi ya gigahezi 5, na aepuke kuongeza vituo, kwa kuwa kila kituo kipya ni kelele zaidi kwake na kwa jirani.

Stima na radi

Stima ikipotea na kurudi, vituo vya meshi huamka kwa zamu. Kituo kidogo kikiamka kabla ya kile kilicho karibu nacho, kinaweza kujiunga na cha mbali na kubaki hapo. Familia husema waifai "imeharibika tangu stima ipotee," na mara nyingi wako sahihi. Kuzima vituo vyote, kuwasha kikuu, kungoja dakika tano na kuwasha vingine kimoja kimoja hurekebisha hali. Betri ndogo ya kuhifadhi moto kwa ruta, zinazouzwa sasa katika maduka mengi ya vifaa vya umeme, huondoa usumbufu huo.

Radi ni jambo zito zaidi kuliko kasi. Nyanda za juu za Gusii ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopata radi kwa wingi, na watu wamepoteza maisha. Kebo ya shaba isining'inizwe kutoka nyumba moja hadi nyingine juu ya ua wala kufungwa kwenye mti. Radi ikipiga karibu, umeme husafiri kwa kebo hiyo hadi ndani ya nyumba zote mbili, ukachoma vifaa na hata kumdhuru aliyeshika kompyuta. Anayetaka kuunganisha nyumba mbili kwa waya amwombe fundi atumie faiba, ambayo nyuzi zake za kioo hazipitishi umeme, na ahakikishe haina waya wa chuma wa kuishikilia ulioingizwa ndani ya nyumba. Mvua ya radi inapokaribia, ruta na vituo vyote vichomolewe kwenye soketi. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Kosa likiwa la kampuni

Mkazi aliyepima kwa waya kwa siku kadhaa na kupata kasi iliyo chini mno ana haki ya kulalamika. Kanuni za ulinzi wa watumiaji wa huduma za mawasiliano za mwaka 2010 zinataka lalamiko lianze kwa mtoa huduma mwenyewe. Mteja aombe namba ya lalamiko, aandike tarehe, na aambatishe vile vipimo vyenye saa. Asomee pia mkataba wake, kwa kuwa vifurushi vingi huuzwa kwa neno "hadi", na neno hilo lina uzito wake. Asiporidhika na jibu, au akikosa jibu kabisa, anaweza kulipeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya akiwa na namba ile na karatasi ya vipimo. Vipimo vya simu kutoka chumba cha nyuma havitamsaidia hapo. Vinavyohesabika ni vile vya waya, kwenye boksi la kampuni.