Namna ya kumchora binadamu kwa rangi za maji bila kuipoteza rangi ya ngozi yake

MTOTO wa shule ya msingi akipewa karatasi na kisanduku cha rangi za maji, kisha akaambiwa amchore mamake, aghalabu hufanya jambo moja kati ya mawili. Ama huchovya brashi katika rangi ya waridi, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea katika vitabu vya picha, ama huchukua rangi nyeusi na kuijaza sura nzima hadi macho na pua vikatoweka. Katika hali zote mbili, mama aliye karatasini si yule aliyemwacha nyumbani asubuhi.

Tatizo hili haliwakumbi watoto pekee. Miongozo mingi ya uchoraji inayouzwa madukani iliandikwa Ulaya na Marekani, na humwelekeza mwanafunzi kana kwamba kila ngozi hupatikana kwa kuzimua rangi nyekundu kidogo juu ya weupe wa karatasi. Kampuni ya Crayola ya Marekani iliuza krayoni ya waridi hafifu kwa jina la “rangi ya ngozi” hadi mwaka wa 1962, ndipo ikaibadilisha jina na kuiita Peach. Jina liliondoka, lakini mazoea yaliyolizaa yangali katika vitabu vingi.

Kwa anayeishi Chakol, katika Kaunti ya Busia, kasoro hiyo ina uzito wa pekee. Chakol iko katika eneo la Teso, baina ya miji miwili ya mpakani, Busia na Malaba, ambako Waiteso, Waluhya, Wajaluo na wageni kutoka Uganda na kwingineko hupishana kila siku. Hakuna uhaba wa watu wa kuchorwa. Kinachokosekana ni maelekezo ya kuwachora jinsi walivyo. Makala haya yanafafanua hatua za mwanzo kwa yeyote anayetaka kujaribu, awe mwanafunzi, mwalimu au mzee aliyestaafu mwenye wasaa wa jioni.

Rangi za maji na tabia zake

Rangi ya maji ni unga laini wa rangi uliochanganywa na gundi. Gundi yenyewe hutoka katika miti ya jamii ya mgunga, inayoota katika nyanda kame za Afrika, Sudan ikiwa muuzaji mkubwa duniani. Humu nchini miti hiyo hupatikana katika maeneo ya kaskazini kama vile Turkana na Isiolo. Brashi yenye maji inapogusa rangi, gundi huyeyuka. Maji yanapokauka, gundi huushika unga karatasini.

Tofauti kubwa baina ya rangi hii na rangi ya mafuta ni kwamba rangi ya maji hupitisha mwanga. Mwanga hupenya rangi, hugonga weupe wa karatasi na kurudi machoni. Kwa sababu hiyo, mchoraji hafanyi sehemu kung’aa kwa kupaka rangi nyeupe, bali kwa kuiacha karatasi ionekane. Huanza na wepesi na kuelekea kwenye uzito. Akishakiweka kiza, ni vigumu kukiondoa.

Vifaa vinavyohitajika si vingi. Kisanduku cha kawaida cha rangi kavu, penseli, brashi mbili za duara, moja nene na nyingine nyembamba, mikebe miwili ya maji na kitambaa kikuukuu vyatosha. Mkebe mmoja ni wa kuoshea brashi, na mwingine hubaki na maji safi ya kuchanganyia. Mahali pasipofaa kubana matumizi ni kwenye karatasi. Karatasi ya daftari hujikunja na kuchanika inapolowa. Ile inayofaa hasa ni nzito, yenye gramu 300 kwa kila mita mraba. Anayeikosa anaweza kutumia manila ya kawaida, aibandike pande zote nne juu ya ubao kwa gundi ya utepe, na atumie maji kwa kiasi.

Umbo hutangulia rangi

Wanaoanza huwa na pupa ya kufikia uso. Huchora macho kwanza, wakayapamba kwa kope, kisha wakagundua kwamba kichwa hakiwezi kukaa juu ya mwili uliobakia. Ni heri kuanza na umbo zima.

Kipimo kinachotumiwa na wachoraji wengi ni kichwa chenyewe. Mtu mzima aliyesimama ana urefu wa takriban vichwa saba na nusu. Mtoto wa mwaka mmoja ana takriban vinne tu, na ndiyo sababu mtoto akichorwa kwa vipimo vya mtu mzima huonekana kama kibeti. Macho hukaa katikati ya kichwa, si karibu na utosi kama wengi wanavyodhani. Kiganja pamoja na vidole huufunika uso kutoka kidevuni hadi zinapoanzia nywele. Mikono ikiachwa ining’inie, ncha za vidole hufika katikati ya paja.

Jambo la pili ni uzito. Mtu anaposimama kwa kuegemea mguu mmoja, shimo la koo huwa juu ya mguu huo. Kanuni hii ikipuuzwa, mtu wa kwenye picha huonekana anaanguka. Mama aliyebeba mtoto ubavuni husukuma nyonga upande mmoja na bega likashuka upande huohuo ili kulisawazisha lile la pili. Mwanabodaboda anayesubiri abiria huweka mguu mmoja chini na mgongo wake ukapinda. Mkao huo unaweza kudakwa kwa mistari mitano au sita ya penseli katika nusu dakika.

Eneo hili halijapungukiwa na wajuzi wa jambo hilo. Gregory Maloba, aliyezaliwa Mumias mwaka wa 1922, alivuka mpaka na kwenda kusoma katika Chuo cha Makerere, chini ya mwalimu Margaret Trowell. Baadaye alitengeneza Sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala, inayokumbuka mwaka wa 1962, ambapo mtu aliyefungwa kwa mikanda anamwinua mtoto juu. Hiyo ni kazi ya uchongaji, wala si ya brashi. Lakini mtu anayeitazama kwa mbali huisoma kabla ya kuona sura, kwa sababu umbo lenyewe limebeba habari. Mchoraji wa rangi za maji naye ajiulize: mtu wangu angetambulikana kama ningemjaza rangi moja tu, bila macho wala mdomo?

Ngozi nyeusi si rangi nyeusi

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Rangi nyeusi ya kisandukuni haifai kwa ngozi ya Mwafrika, hata ile iliyokoza zaidi. Huua mwanga na kuufanya uso ufanane na shimo. Ngozi tunayoiita nyeusi ina wekundu, umanjano, uzambarau na hata ubuluu, kutegemea mtu na mwanga unaomwangukia.

Mchanganyiko rahisi kuliko yote una rangi mbili: kahawia yenye wekundu na buluu nzito. Wenye kununua rangi mojamoja huchukua sienna iliyochomwa, ambayo asili yake ni udongo wenye chuma uliotiwa motoni hadi ukawa mwekundu, pamoja na buluu ya ultramarini. Kahawia ikizidi, hupatikana ngozi ya maji ya kunde. Buluu ikiongezwa kidogo kidogo, ngozi hukoza hadi kufikia kiza kizito ambacho bado kina uhai. Manjano ya udongo husaidia penye weupe zaidi, na tone la nyekundu huongezwa midomoni, masikioni na kwenye viganja.

Jaribio la kwanza lisiwe picha. Chora visanduku kumi katika karatasi, kisha utafute kwa macho yako rangi ya ngozi ya kila mtu aliye nyumbani: baba, mama, nyanya, kaka, kitinda mimba. Weka karatasi karibu na mkono wa mtu na ulinganishe. Wengi hushangaa kuona kwamba hata ndugu wa tumbo moja hawatoshelezwi na mchanganyiko mmoja.

Kuna onyo moja muhimu. Rangi ya maji ikikauka hufifia. Kile kilichoonekana kimekoza kilipokuwa kibichi, baada ya dakika chache huwa kimepauka. Anayeogopa hupaka kimiminiko chembamba, akarudia mara sita au saba, na mwishowe picha ikawa kama tope. Ngozi iliyokoza inahitaji ujasiri tangu mwanzo: rangi nyingi, maji machache, matabaka matatu basi.

Matabaka matatu

Tabaka la kwanza hufunika uso, shingo na mikono kwa rangi ya sehemu iliyo nyepesi kuliko zote katika ngozi ya mtu huyo. Acha wazi mahali panapometameta tu, kama vile kipaji cha uso, juu ya pua na mfupa wa shavu. Ngozi iliyokoza humeta zaidi kuliko nyeupe, na mmeto huo nje ya nyumba hubeba ubuluu wa anga. Kwa hiyo sehemu hizo zinaweza kupitishiwa buluu hafifu sana badala ya kuachwa nyeupe kabisa.

Subiri pakauke. Gusa karatasi kwa nyuma ya kiganja. Ikiwa baridi, ungali na kungoja. Rangi mbichi ikiongezwa juu ya ile iliyo nusu kavu, maji hukimbilia pembeni na kuacha doa lenye kingo zilizochongoka kama koliflawa.

Tabaka la pili ni la kivuli. Usilipake kipande kwa kipande. Kivuli cha tundu la jicho huungana na ubavu wa pua, kikashuka chini ya mdomo, kidevuni na shingoni. Kione kama umbo moja na ulipake kwa mkupuo. Kisha osha brashi, ikamue, na ulainishe kingo za upande ambako mwili unageuka taratibu, kama shavu. Kingo za kivuli kinachoangushwa na kofia au kitambaa cha kichwani ziache zikiwa kali.

Tabaka la tatu ni dogo, nalo ndilo zito zaidi: mboni, mianya ya pua, mstari baina ya midomo, nywele. Weupe wa macho na meno usiachwe mweupe pepe, maana humfanya mtu aonekane ameshtuka. Upitishie kijivu hafifu. Na pale barabara ya udongo mwekundu inaporudisha mwanga wa jua chini ya kidevu, ongeza wekundu kidogo. Ni jambo dogo linalomweka mtu mahali pake.

Somo kutoka kwa Joy Adamson

Mchoraji anayejulikana zaidi kwa kuwachora Wakenya kwa rangi za maji ni Joy Adamson, yuleyule wa simba Elsa. Alizaliwa mwaka wa 1910 katika iliyokuwa Austria-Hungaria na kufika Kenya mwaka wa 1937. Alianza kwa kuchora maua. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za nchi wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kazi iliyomchukua miaka kadhaa kuanzia mwisho wa miaka ya 1940. Kitabu chake, The Peoples of Kenya, kilitoka mwaka wa 1967, na picha zake nyingi zimehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi.

Anayeanza ana mengi ya kujifunza humo. Adamson hakuipaka ngozi rangi nyeusi tupu, na aghalabu aliacha nyuma ya mtu pakiwa karatasi wazi ili macho yasitangetange. Hata hivyo, picha hizo zina mipaka yake. Ziliagizwa na watawala waliotaka kumbukumbu ya shanga, ngozi na manyoya kabla havijatoweka. Mtu wa kawaida katika siku yake ya kawaida hakuwa sehemu ya agizo hilo.

Pengo hilo lingali wazi. Neno bodaboda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa katika mpaka huu wa Busia na Malaba, kutokana na waendesha baiskeli waliovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Lakini ni wangapi kati yao waliowahi kuchorwa? Dereva wa lori anayesinzia Malaba, mama anayepanga nyanya mafungu mafungu sokoni, mzee anayesoma gazeti kivulini: hao ndio watu ambao mkazi wa Chakol anawajua kuliko mchoraji yeyote kutoka mbali.

Kabla ya kuchora, omba

Anayetaka kuchora hadharani azingatie adabu. Msalimu mtu, mweleze unachokifanya na umwombe ruhusa. Akikataa, shukuru na uende zako. Karibu na ofisi za mpakani, jitahadhari zaidi, kwa kuwa si kila afisa atafurahia kuona mtu akichora. Sokoni watu hawatulii, basi dondoa mkao kwa penseli na uandike rangi kwa maneno pembeni, kisha upake nyumbani. Nyumbani nako, nyanya anayechambua maharagwe atakaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha tabaka tatu kukauka.

Walimu wa shule za msingi wanaweza kuanza na jambo lisilogharimu kitu: kabla ya kuwaagiza watoto wamchore mtu, wawape nusu saa ya kuchanganya kahawia na buluu hadi kila mmoja apate rangi ya mkono wake mwenyewe. Mtoto aliyeipata rangi hiyo mara moja hatahitaji tena kuazima ya waridi ili amchore mamake.