Saa ya betri na saa ya kamani: hesabu ya miaka 20 kisiwani Pemba

Casio F-91W ilitoka mwaka 1989 na bado inauzwa kwa umbo lile lile. Kiwanda kinasema haitakosea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, na betri yake hudumu takriban miaka 7. Seiko 5, saa ya kamani yenye mtambo wa 7S26, ina ruhusa ya kiwanda chake kwenda mbele hadi sekunde 45, au kubaki nyuma hadi sekunde 35, kwa siku moja. Tuzilinganishe kwa kipimo kimoja. Sekunde 45 mara siku 30 ni sekunde 1,350, yaani dakika 22 na nusu kwa mwezi dhidi ya nusu dakika. Kwa mujibu wa viwanda vyenyewe, saa ya kwanza ni sahihi mara 45 kuliko ya pili.

Tofauti hiyo imo ndani ya mtambo. Saa ya betri, ile ambayo mara nyingi huandikwa “Quartz” usoni, huhesabu muda kwa kipande cha madini ya kwatsi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Saa ya kamani huendeshwa na kamani, yaani springi iliyokazwa, na hatua zake hupimwa na gurudumu dogo linalokwenda na kurudi. Katika 7S26 gurudumu hilo hupiga mara 6 kwa sekunde, sawa na mara 518,400 kwa siku. Ikikosea sekunde 45 kati ya sekunde 86,400 za siku, bado imepatia kwa asilimia 99.95. Mimi, mpenzi wa saa, asilimia hiyo hunistaajabisha kila ninapoifikiria, maana ni kazi ya vyuma na mafuta peke yake.

Hata hivyo namba za kiwanda ni mipaka ya mwisho. Seiko 5 iliyorekebishwa vizuri inaweza kwenda kwa kosa la sekunde 10 kwa siku, ambazo ni dakika 5 kwa mwezi. Wapenzi wa saa za kamani hupenda kuitaja namba hiyo, kisha kuiweka kando ya sekunde 30 za Casio. Hapo mizani haiko sawa, kwa sababu saa ya betri nayo mara nyingi hufanya vizuri kuliko mpaka wake. Hata saa ya Uswisi yenye cheti cha usahihi cha COSC, inayouzwa kwa mamilioni ya shilingi, inaruhusiwa kwenda mbele sekunde 6 kwa siku. Hizo ni dakika 3 kwa mwezi, mara 6 ya mpaka wa Casio.

Hali ya hewa ya Pemba nayo inaibeba saa ya betri. Kwatsi ya saa hutengenezwa iende sawasawa kwenye nyuzijoto 25 hivi, na huchelewa kadiri joto linavyojitenga na kiwango hicho, kwa juu au kwa chini. Kwenye nyuzijoto 30 upungufu ni kama sekunde 2 kwa mwezi. Kwenye nyuzijoto 5, baridi ya Ulaya, ni zaidi ya sekunde 35. Chumvi ya bahari haichagui. Kutu ya kijani huota pembezoni mwa mfuniko wa nyuma wa saa zote mbili, na mkanda wa plastiki wa Casio huanza kupasuka kwenye tundu lililo karibu na bizimu.

Je, usahihi huo wote unahitajika? Anayesahihisha Seiko yake kila Ijumaa anaweza kufikia kosa la sekunde 315 kwa wiki, yaani dakika 5 na robo. Kwa miadi ya sokoni si kitu. Kwa mfungaji anayetegemea saa yake mwenyewe kufuturu, saa iliyo mbele kwa dakika 5 inamfungulisha kabla ya magharibi. Akiisahihisha kila siku, kosa haliwezi kuzidi sekunde 45. Gharama hapo ni kukumbuka.

Sasa shilingi. Nachukulia Casio ni 40,000, betri pamoja na kazi 5,000, Seiko 250,000, na usafishaji wa mtambo 60,000 kila baada ya miaka 5. Haya ni makisio, na msomaji anaweza kuweka bei za duka analolijua. Kwa miaka 20, tuseme Casio inakufa mwaka wa 10 na kununuliwa nyingine: 80,000, na betri mbili 10,000, jumla 90,000. Seiko inasafishwa mara 3: 250,000 na 180,000, jumla 430,000. Kwa mwaka ni 4,500 dhidi ya 21,500. Kwa bei ya shilingi 14,000 kwa kilo, ambayo ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ililipia karafuu ya daraja la kwanza kwa misimu kadhaa, gharama ya miaka yote 20 ni kilo 6.4 dhidi ya kilo 30.7.

Wapo wasemao saa ya kamani ni akiba. Ili Seiko ilingane na Casio, baada ya miaka 20 inapaswa kuuzwa 340,000, yaani 90,000 zaidi ya ilivyonunuliwa mpya. Wengine hawasafishi kabisa. Kwao gharama inashuka hadi 12,500 kwa mwaka, bado mara 2.8, na mafuta yakishakauka vyuma huanza kulana. Simu iliyo mfukoni tayari inazishinda saa zote mbili kwa bei, kwa kuwa haiongezi hata shilingi.

Seiko inashinda mahali pamoja tu, na napaona pana uzito. Katika ile 430,000, asilimia 42 inalipwa kwa fundi. Katika 90,000 ya Casio, asilimia 11. Tuseme nusu ya malipo ya fundi inaondoka kisiwani kwa vipuri, mafuta na betri. Seiko bado inaacha 90,000 Pemba, sawasawa na gharama nzima ya Casio kwa miaka 20. Casio inaacha 5,000.

Uswisi iliwahi kuipitia hesabu hii kwa ukubwa wake. Seiko Astron, saa ya mkono ya kwatsi ya kwanza kuuzwa, ilitoka tarehe 25 Desemba 1969 kwa yeni 450,000, karibu na bei ya gari dogo jipya. Bei za saa za aina hiyo zikaporomoka, na ajira za viwanda vya saa vya Uswisi zikashuka kutoka takriban 90,000 mwaka 1970 hadi takriban 30,000 katikati ya miaka ya 1980.

Kwa Pemba, sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441. Tuchukulie mmoja kati ya kumi anavaa saa: 54,344. Zote zingekuwa za kamani, zingehitaji kusafishwa 10,869 kwa mwaka. Fundi anayemaliza 2 kwa siku, kwa siku 300, anasafisha 600. Wangehitajika mafundi kama 18. Zote zikiwa za betri, ni betri 7,763 kwa mwaka. Kufungua mfuniko, kutoa betri na kuweka nyingine ni kazi ya dakika chache, na fundi mmoja akibadilisha 20 kwa siku, wawili wanatosha na kubaki na nafasi.

Dhana ya saa zote kuwa za kamani ni ya mbali. Tuseme ni moja kati ya 20. Hizo ni saa 2,717, na usafishaji 543 kwa mwaka, usiojaza hata kazi ya fundi mmoja. Akistaafu bila kumfundisha mwingine, mwenye Seiko aliyeko Wete au Mkoani itambidi aongeze kwenye ile 60,000 nauli ya boti ya kwenda Unguja na kurudi.