Kabla ya kununua deki ya DVD

Wengi tukiingia dukani huuliza bei kwanza. Lakini deki ya bei nafuu isiyoendana na vifaa vya nyumbani ni fedha iliyopotea.

Anza na runinga yako. Chungulia nyuma. Zile za chogo kwa kawaida zina matundu ya rangi: la njano ni la picha, jeupe na jekundu ni ya sauti. Deki yenye HDMI peke yake haitakufaa. Runinga bapa ikiwa na HDMI, tumia hiyo. Picha hutoka safi zaidi.

Pili, uliza namba ya ukanda. Filamu halisi nyingi hufungwa kwa ukanda: Marekani ni 1, Ulaya na Ghuba ni 2, Afrika Mashariki ni 5. Deki aliyotuma shangazi kutoka Dubai inaweza kugoma kucheza filamu ya ukanda wetu. Chagua inayosoma kanda zote.

Ikitoka Marekani, soma maandishi ya nyuma. Ikiandikwa 120V tu, umeme wetu utaiunguza. Tafuta 100-240V.

Wenye watoto, deki nyingi zina kufuli ya namba ya siri. Hata hivyo, hufanya kazi tu kwa diski iliyowekewa kiwango cha umri, na za kunakiliwa mara nyingi hazina. Jicho la mzazi bado linahitajika.

Mwisho, nenda dukani na diski yako ya harusi na flashi. Zijaribu hapohapo kabla ya kulipa, kisha dai risiti na waranti.